Kiti tupu nacho kinajibu



Sisi tuliorudi kutoka Kenya tuliona kitu ambacho hapa Hewa Bora hatujakizoea: wanaoomba urais wanasimama mu televizyo, wanaulizwa. Tarehe 11 Februari 2013 walikuwa wanane. Kesho yake kila mutu alikuwa na mshindi wake, na mara nyingi ni yule aliyemtaka toka mbele. Mu 2017 Uhuru Kenyatta hakukuja, Raila Odinga akajibu peke yake. Mu 2022 Raila ndiye hakukuja, William Ruto akabaki peke yake. Batu wakagawanyika: wamoja, "Ametudharau", wengine, "Tunamujua tayari, maneno ya nini?"

Kwetu Kongo, Katiba ilipogeuzwa mu 2011, duru ya pili ya urais ilitoka, na nafasi ya wawili kuangaliana uso kwa uso ikaenda nayo. Basi tusingoje televizyo. Kandida akikuja mu kartie, hata wa ubunge, tumuulize: watoto wetu waliozaliwa ukimbizini watapata karatasi za kuzaliwa wapi, lini, na kwa franga ngapi? Akijibu, tuandike. Akikimbia swali, tuandike vile vile.

Na wafadhili wasikie: franga za chama hazitanunua kikwembe cha kandida yeyote. Ziko za ugonjwa, kilio na karatasi za watoto. Kura ni ya kila mutu; swali ni letu sote.