Mzee Asile Peke Yake

Katika nyumba nyingi za pwani ya Kenya, sinia ya wali huwekwa juu ya mkeka, na watu wa nyumba huizunguka. Mzee hunawishwa mikono kwanza, na minofu ya samaki husogezwa upande wake. Wengi huiona desturi hiyo kuwa ni adabu tu, lakini ndani yake mna afya pia.

Siku hizi vijana wengi wamekwenda mjini au ng'ambo kutafuta kazi, na mzee amebaki peke yake. Huenda fedha anazo. Tangu mwaka 2018 Serikali imeweka msaada wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee walioandikishwa wenye miaka 70 na zaidi, na watoto wengine hupeleka fedha kwa simu. Lakini fedha haziketi mkekani pamoja na mtu. Mzee huona taabu kuwasha moto kwa ajili ya kinywa kimoja, basi hunywa chai na kipande cha mkate, akalala.

Madhara yake ni makubwa. Katika uzee misuli hupungua, kwa hiyo vyakula vya kujenga mwili, kama maharagwe, kunde, dagaa, mayai na maziwa, huhitajiwa sana. Tena hamu ya chakula hupungua, na kiu haisikiki kama zamani. Mtu alaye na wenzake kwa kawaida hula zaidi kuliko alaye peke yake. Na siku asipofika, wenzake huuliza habari zake.

Nchi nyingine nazo zimeliona jambo hili. Mwaka 1972 Marekani ilitunga sheria ya kuwapa watu wenye miaka 60 na zaidi mlo wa pamoja, wenye walau theluthi moja ya mahitaji ya mwili kwa siku. Awezaye huchangia apendavyo, na asiye na kitu hafukuzwi. Waliotunga sheria hiyo walikusudia kuondoa njaa na upweke pamoja.

Kijijini jambo hili halihitaji jengo jipya. Wazee watatu au wanne waweza kukutana kwa jirani mara mbili kwa juma, huyu akaleta unga, yule mboga, na mwingine kuni. Maharagwe yapikwe hata yalainike, dagaa zipondwe kwa ajili ya wasio na meno, na maji safi yawe karibu. Asiyeweza kutembea, wenzake wamwendee na chakula, wale naye huko huko. Wasiache sahani mlangoni wakaenda zao.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Lakini mzee akiachwa peke yake na sahani yake, neno lake atalisikia nani?