Somo la Leo: Vali ya Gololi

Leo tunajifunza vali inayofungwa kwa kugeuza mkono wake robo ya mzunguko tu. Ndani yake mna gololi ya chuma yenye tundu katikati.

Kwanza zuia maji yasifike kwenye vali, kisha mwaga yaliyobaki bombani. Sasa sikilizeni vizuri. Vali iliyofungwa huweza kubakiza maji yenye presha ndani ya gololi. Ukilegeza nati, yatakurukia usoni. Yakiwa ya moto, yatakuunguza. Kwa hiyo geuza mkono nusu ya njia, presha itoke. Simama kando.

Tia alama kwa chaki, kisha legeza nati kidogo kidogo. Funga vali tena, ndipo gololi itachomoka.

Kagua gololi: ina mikwaruzo? Pete mbili zinazoibana zimekatika? Mkwaruzo mdogo huvujisha. Tia pete mpya.

Ukirudisha, fuata alama. Kaza nati moja, kisha ile inayoielekea. Fungulia maji polepole, utazame kama panavuja.

Swali: Kwa nini tunageuza mkono kabla ya kulegeza nati? Andikeni jibu. Kwaherini.