Jua Letu Si Kipimo cha Majua Yote

Msikilizaji, iko sayari ambayo mwaka wake ni siku nne na saa chache. Inaitwa 51 Pegasi b, na nyota yake iko umbali wa miaka ya nuru 50 hivi kutoka hapa. Ni jitu la gesi lenye karibu nusu ya uzito wa Mshtarii, lakini limeikaribia nyota yake zaidi ya mara saba kuliko Utaridi ilivyolikaribia Jua letu. Joto lake linakadiriwa kufika nyuzi 1,000.

Haikugunduliwa kwa kuonekana. Mzazi akimzungusha mtoto kwa kumshika mikono, mzazi naye huyumba. Vivyo hivyo nyota huyumba ikivutwa na sayari, na mistari iliyomo katika mwanga wake husogea kidogo. Didier Queloz, mwanafunzi wa uzamivu wa Profesa Michel Mayor wa Geneva, aliuona mwendo huo akitumia darubini ya Haute-Provence, Ufaransa. Ulikuwa wa mita zisizofika 60 kwa sekunde. Kwanza alidhani chombo kina hitilafu. Yeye na Mayor wakangoja hadi Julai 1995, nyota ilipoonekana tena, wakapima upya. Mwendo ukawa uleule. Oktoba wakatangaza, na mwaka 2019 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Linalonigusa ni hili: mwanafalaki Otto Struve alikwisha kuandika mwaka 1952 kwamba sayari kubwa yaweza kuwa karibu hivyo na nyota yake, na kwamba itafutwe kwa njia hiyohiyo. Ni kweli vyombo vilihitaji kuboreshwa kwanza. Lakini hata vilipokuwa tayari, watafiti wengi waliwinda sayari za mzunguko mrefu, kwa kuwa Mshtarii huchukua karibu miaka 12 kulizunguka Jua. Mazoea ya kwetu yaliwachagulia pa kutazama.

Kwa hiyo, walimu wetu, mnapofundisha kwamba sayari za mawe hukaa karibu na jua na zile za gesi hukaa mbali, msiifanye sheria ya ulimwengu mzima. Huo ni mpangilio wa jua hili moja. Na mtoto akiuliza kama kwingineko mambo ni tofauti, asinyamazishwe. Ajibiwe kwamba ndiyo, ni tofauti, na ushahidi tunao tangu 1995.