Mimba Isiyo na Mutoto: Mama, Usiache Kurudi

Leo tunasema juu ya ugonjwa usiopata watu wengi. Mama akichelewa, unaua. Akija mapema, karibu kila mara anapona.

Mara moja moja mimba inaanza vibaya. Mutoto hafanyiki, ao haishi. Kondo linajaa vifuko vidogo vya maji, kama mayai ya chura. Waganga wanaiita mola. Tumbo linakua kupita miezi yake, mama anatapika sana, anatoka damu. Nyumbani wanasema: amelogwa. Hapana! Hakuna aliyemloga, na mama hakufanya kosa. Ekografi inaonyesha, na munganga anasafisha tumbo la uzazi.

Kisha damu inakoma. Mama anasema: Nimepona, kwa nini nilipe tena teksi? Hapo ndipo hatari. Chembe za kondo zinaweza kubaki na kugeuka kansa, jina lake koriokarsinoma. Inafuata damu mpaka mapafuni, hata kwenye bongo. Inaweza kuja pia nyuma ya mimba iliyoharibika, ao nyuma ya kuzaa vizuri.

Namkumbuka mama mmoja aliyekohoa damu. Tulitafuta kifua kikuu tu. Hakuna aliyemwuliza, hata mimi: Mama, mimba yako ya mwisho iliisha namna gani? Tulijua nyuma, saa ilikuwa imepita. Kwa hiyo wewe mwenyewe useme, hata kama hawakuulizi.

Alama ni hizi: damu isiyokoma majuma mengi nyuma ya kuzaa ao kuharibu mimba, kukohoa damu, kukosa pumzi, kichwa kuuma sana ao kifafa kipya. Tena, kipimo cha mimba kinasema «ndiyo», na mimba hakuna.

Nyuma ya mola, fanya hivi. Rudi kupima damu ao mkojo kila juma moja ao mawili mpaka kipimo kiwe sawa, kisha kila mwezi, kama munganga atakavyosema, mara nyingi miezi sita. Wakati huo usishike mimba, kwa sababu mimba mpya inaficha ugonjwa. Vidonge vya kupanga uzazi vinafaa. Baba naye aelezwe.

Kipimo kikipanda, dawa iko. Katika miaka ya 1950, kule Marekani, waganga Min Chiu Li na Roy Hertz walimpa metotrekseti mama ambaye kansa hii ilikuwa imefika mapafuni. Akapona. Dawa hiyo inatumika mpaka leo. Inaweza kuleta vidonda kinywani na kupunguza damu, basi haimezwi nyumbani bila munganga. Lakini mara nyingi tumbo la uzazi halitolewi, na mama wengi wanazaa tena watoto wazima.

Mama, chunga karatasi yako ya hospitali. Na jirani yako akitoka damu nyuma ya kuzaa, usimwache aende kwa mufumu. Mushike mukono, mulete kwetu.