Uhamisho wa Kazi na Makazi ya Mtoto Mwanza

Mtumishi aliyepokea barua ya uhamisho kuja Mwanza huuliza kwanza kodi ya nyumba, wala halaumiwi, ila kwa rai yangu swali lililo aula kutangulizwa ni la shule, kwa kuwa mji huu, uliobanwa baina ya majabali na ziwa, hutegemea barabara kuu chache tu, ya Kenyatta iendayo Nyegezi, ya Nyerere iendayo Igoma, na ya Makongoro ipitayo Kirumba kuelekea uwanja wa ndege, hata mtoto alalaye Buhongwa na kusoma Ilemela hulazimika kuuvuka mji mzima asubuhi na jioni, akafika darasani hali amekwisha kuchoka.

Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la Magufuli baina ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, Sengerema nayo imeingia katika hesabu ya makazi, maana kungoja kivuko kumekwisha. Walakini safari ya kila siku kutoka huko hadi mjini yamfaa mtu mzima, haimfai mtoto mdogo.

Nyumba za ufukweni zina mandhari ya kupendeza mno, lakini maji ya ukingoni huambukiza kichocho, na watoto ndio wapendao kuyaogelea.

Basi ewe mzazi, ikiwa mwanao yumo darasa la saba, tafadhali tangulia Mwanza peke yako, umwache kwa jamaa mwaminifu hadi amalize mtihani wake wa Septemba.