Maeneo Sita Yaliyosubiri

Msikilizaji, Mwanza ina jina kubwa katika utabibu wa dunia, na halikutokana na sangara. Kati ya 1991 na 1994, watafiti wa taasisi ya NIMR, shirika la AMREF na wenzao wa London waligawa maeneo 12 ya mkoa huu, ya vijijini, ya mwaloni na hata ya visiwani, katika mafungu mawili. Sita yalipata dawa za uhakika za magonjwa ya zinaa na waganga waliofundishwa. Sita yalibaki na zahanati zake zilezile.

Matokeo yakatoka 1995. Kwa miaka miwili, walioambukizwa VVU kwenye huduma mpya walikuwa asilimia 1.2, kwingine 1.9. Dunia ikapiga makofi.

Hata hivyo, kisonono na kaswende vilikuwa na tiba tangu zamani. Watetezi husema hakuna aliyenyang'anywa huduma, na utafiti ulipokwisha maeneo yaliyosubiri nayo yalipewa. Ni kweli, na bila ulinganisho huo tusingejua kama tiba hiyo inapunguza maambukizi ya VVU. Mimi bado nakwama hapo kwenye "zahanati zilezile". Kabati tupu la dawa ni umaskini wetu, na umaskini huo ndio uliogeuzwa kipimo.

Kwa hiyo, mtafiti akipiga hodi hapa kwetu, Igombe au Kayenze, usikimbilie kuweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Muulize: wasiopewa dawa watapata nini, na lini? Naweza kujitoa nikitaka? Subiri akujibu kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma.