Hofu Baada ya Kutumia Mpira

Mazungumzo ya muuguzi mstaafu kwa vikundi vya kujisaidia, Jericho, Nairobi

Nimeombwa nizungumze juu ya ukimwi, na pengine mnangojea yale ya siku zote. Leo nitasema juu ya mtu asiye na ugonjwa, lakini hofu inammaliza.

Jina lake sitalitaja. Ni seremala hapa karibu na Jogoo Road, mke na watoto wako mashambani, kama wengi wetu. Usiku mmoja alilala na mwanamke asiyemjua vizuri. Alitumia mpira. Kesho yake hofu ikamwingia. Akitoka jasho usiku, ni ukimwi. Akiumwa kichwa, ni ukimwi. Akaenda kupima, hana. Akaenda kwingine, hana. Alikuwa akitafuta kliniki za kulipia mbali na hapa asije akaonekana, na alipofika kwangu alikuwa amepima mara sita. Pesa za mchango wa kikundi chake zilikuwa zimeishia huko. Tena alikuwa hajakanyaga nyumbani miezi minane. Mkewe alidhani ameoa mwingine mjini.

Nikamuuliza, "Baba, mpira ulipasuka?"

"Hapana, Mama."

"Ulivuka?"

"Hapana."

"Basi virusi vilipitia wapi?" Akanyamaza.

Virusi vya ukimwi viko katika damu, shahawa, majimaji ya uke na maziwa ya mama. Havipiti katika mpira mzima. Jasho na kushikana mikono havileti kitu. Lakini mpira una masharti yake: tazama tarehe, usiukalie mfukoni miezi na miezi, uvae tangu mwanzo hadi mwisho, wala usipake Vaseline au mafuta ya kupikia, maana mafuta hudhoofisha raba ikapasuka. Aliyefuata hayo hatari yake ni ndogo sana.

Ukipasuka je? Hapo usingoje dalili. Kuna dawa za kuzuia virusi, wahudumu huziita PEP, zinazoanzwa kabla ya saa 72 kupita na kumezwa siku 28. Ya Ijumaa usiku mwisho wake ni Jumatatu usiku, na afadhali Jumamosi asubuhi. Wewe wa kijijini unayesema utangoja siku ya soko, utachelewa.

Sasa kipimo. Kile cha kutoboa kidole kwa kawaida hutafuta askari wa mwili wanaopigana na virusi, na askari hao huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Kwa hiyo ukipima kesho yake hujajua lolote. Ukipima baada ya siku 90, na hukujitia hatarini tena, ukiambiwa huna, basi huna. Seremala wetu kipimo chake cha mwisho kilikuwa mwezi wa saba!

Mbona hakuamini? Sisi tulioishi Eastlands miaka ile tunajua. Ugonjwa ulitambuliwa Kenya mwaka 1984, na hadi Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa, Novemba 1999, tulikuwa tumezika wengi mno. Mwaka 1996 viongozi wa dini walichoma mipira hadharani hapa Nairobi, na uvumi ati ina matundu haujaisha mpaka leo. Watu bado wanaogopa ukimwi wa wakati ule, usio na dawa. Siku hizi anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane tena katika damu, hamwambukizi mwenzake kitandani.

Lakini hata hayo hayakumtuliza. Tuliketi kitambo, kisha akasema, "Mama, si damu inayonisumbua. Ni mke wangu." Mnaona sasa. Alikuwa amekosa, akawa anangoja adhabu, na kila akiambiwa hana, yeye alisikia kwamba adhabu imeahirishwa. Kipimo cha hatia mimi sina, wala hospitali yoyote haina. Nilimkataza kupima mara ya saba, nikamwambia aende nyumbani.

Alisafiri Ijumaa hiyo. Waliyoambiana na mkewe sikuuliza. Ninachojua ni kwamba ule mchango ameanza kuulipa, kidogo kidogo.

Haya, maswali. Nyinyi akina baba wa huko nyuma, nawaona mnanong'ona. Ulizeni kwa sauti.